Fenda Iliyojaa Yenyewe

Saa nane usiku niliamshwa na sauti ya mtoto anayenyonya. Mama yeyote anaijua sauti hiyo, ile ya ulimi na kumeza, na mimi nilishazoea mwanangu ajihudumie mwenyewe nikiwa usingizini, kwa hiyo sikushtuka, nilipeleka mkono tu nimweke kichwa vizuri. Mkono ukakuta kifua changu kimefunikwa. Vifungo vyote vimefungwa. Mtoto alikuwa upande wa pili, ubavuni kwa baba yake, amelala, mdomo umefumba. Na sauti bado naisikia. Ilitoka nje, bandani, palipokuwa na lile gari.

Ngojeni nirudi nyuma, maana nikikimbia hivi hamtanielewa.

Mume wangu ni fundi bodi. Msije mkamwita makanika, atanuna siku nzima. Makanika anafungua injini, yeye ni mtu wa mabati: kukata palipoliwa na kutu, kuchomelea bati jipya, kunyoosha, kupaka puti ya kuziba mabonde, kupiga msasa, kupuliza praima, ile ya kijivu inayotangulia rangi, na hapo kazi yake imekwisha. Rangi yenyewe inapulizwa na mtu mwingine, mwenye chumba kisichoingia vumbi. Huwa anasema kazi yake ni kila kitu ambacho hakitaonekana, na anasema kwa majivuno kweli. Nyumba yetu ni vyumba viwili, banda lake liko hatua kumi kutoka mlango wa jikoni, na hata nianike nguo wapi nitazianua zina unga wa puti. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye alikuja kunisaidia nilipojifungua akabaki, alikuwa akisema mtoto huyu akipenga kamasi itatoka karatasi ya msasa.

Mtoto tunamwita Kibonge. Alikuwa na miezi mitano, mapaja yamejikunja mikunjo mitatu mitatu, mashavu yanaanguka. Kilo saba na nusu. Nawaambia mapema ili muelewe kilichoibiwa.

Gari lilikuja Jumanne ya kawaida kabisa, nimebandika maji ya kumwogesha. Lilivutwa kwa mnyororo. Gari la zamani la milango miwili, pua ndefu, matako mapana, yale yaliyotengenezwa yangurume na kukimbia, abiria wa nyuma atajijua mwenyewe. Mume wangu alilizunguka mara tatu kama bwana harusi.

"Mama Kibonge, njoo uone! Hili ni dume la magari."

"Dume gani halina sakafu?" wifi akamjibu. Kweli, ukifungua mlango unaona udongo.

Mwenye gari alikuwa mzee msafi, shati limepigwa pasi mpaka mikono, na leso nyeupe ambayo alijifutia vidole kila baada ya muda ingawa hakuwa amegusa kitu. Tukampa jina siku hiyo hiyo, Mzee Leso. Alitaka gari lifufuliwe lote: sakafu mpya, fenda za nyuma, yale mabati ya juu ya magurudumu, zitanuliwe zimeze matairi mapana, boneti ikatwe injini ichungulie. Akaeleza yote bila haraka. Halafu akasimama upande wa kulia, nyuma, akasema, "Fenda hii usiichimbe. Imeshajazwa. Pitisha msasa juu juu, upulize praima, basi."

"Mzee, puti ya zamani hupasuka, mimi nita..."

"Hiyo haipasuki, kijana."

Akajifuta vidole, kimoja kimoja, akaenda zake.

Wiki sita zilikuwa za raha, siwadanganyi. Sakafu ilirudi. Milango ilining'inizwa ikakaa, nafasi kati ya mlango na bodi ni sawa juu mpaka chini, unapitisha ufunguo pembeni hauchezi. Boneti ilikatwa. Mume wangu alikuwa akifumba macho, anapapasa bati kwa kiganja, anasema kiganja kinaona kuliko jicho. Lilibaki jambo moja tu. Ile fenda.

Sasa, fundi bodi ana ugonjwa wake. Hawezi kulala akijua chini ya kazi yake kuna puti ya mtu mwingine. Alichukua sumaku, akaipitisha pale. Sumaku inashika bati, puti haiishiki. Ikateleza ikaanguka. Akajaribu juu, ikaanguka. Kushoto, ikaanguka. Sehemu kubwa kama sinia hakuna bati karibu, ni puti tupu, nene.

"Mzee alisema usichimbe," nikamkumbusha.

"Mzee hajui bodi. Gari likipasuka baada ya mwaka, atatukanwa nani, yeye au mimi?"

Nilikuwa nimempelekea chai, nikamkuta anaichimba kwa patasi, ndipo nikaona ilivyotoka. Haikutoka unga kama puti. Ilitoka mikato, laini, ya njano, kama mafuta ya nyama yaliyoganda kwenye sufuria, na ndani yake kulikuwa na nywele. Nyembamba, fupi, zimelala upande mmoja. Harufu yake ndiyo iliyonirudisha nyuma: chupa ya maziwa ya mtoto uliyoisahau imefungwa kwa wiki, ukafungua kifuniko. Kwenye ncha ya chombo chake nikaona kitu kidogo cheupe, kimepinda. Nikadhani ganda. Ulikuwa ukucha.

"Hiyo ni nini?"

"Puti imeoza."

"Puti inaoza?"

Alikomba yote kwenye debe akawasha moto. Haikushika moto kama plastiki. Ilikaangika. Mafuta yalipanda yakamwagika nje ya debe, na wifi, aliyekuwa jikoni, akauliza kwa sauti tunakaanga nini mbona hatumwaliki. Nilitapika pale pale, kwenye viatu vyangu.

Chini ya puti bati lilikuwa limebonyea bonde. Kubwa, la mviringo kama beseni, na juu yake kibonde kingine kidogo. Mume wangu aliliita alama ya ajali. Mimi nilimwogesha mtoto kila siku, nikamkausha amejikunja mapajani pangu. Nililijua umbo lile.

Alilinyoosha. Unanyoosha hivi: unagonga kwa nyundo kutoka nyuma, na mbele unashika kipande cha chuma cha kupokea pigo, bati likae katikati lisitoke kupita kiasi. Alilinyoosha likawa sawa, kesho yake asubuhi limerudi bonde. Akapaka puti, ikakataa kukauka. Akaongeza dawa ya kugandisha, ikakataa. Ilikaa kama kamasi, na asubuhi tukaikuta imeteremka yote iko sakafuni, na bonde liko wazi, safi, kama limelambwa. Mara nne. Mara ya tano akaliacha, akaenda kufanya upande wa kushoto.

Wiki hiyo ndiyo Kibonge alianza kupungua.

Nilidhani ni joto. Halafu nikadhani ni mimi. Ananyonya vizuri, analala vizuri, hana homa, haharishi, lakini nguo zinampwaya. Mikunjo ya mapaja ikawa miwili, ikawa mmoja, ikawa ngozi inaning'inia tu kama soksi iliyokatika mpira. Wifi hakuninyamazia.

"Maziwa yako ni maji ya kuoshea mchele, wifi. Kula!"

"Nakula."

"Unakula wewe, anayenenepa nani?"

Kliniki wakampima: kilo sita na robo. Baada ya siku tano: tano na nusu. Nesi akanitazama kama muuaji. Akaniuliza kama nyumbani kuna amani.

Na usiku ule ndio niliposikia sauti ya kunyonya ikitoka bandani. Sikwenda kutazama. Nawaambia ukweli, niliogopa. Nilimvuta mwanangu nikamfunika masikio yake kwa mikono, masikio yake badala ya yangu, sijui kwa nini, mpaka kukakucha.

Asubuhi nikasema lazima nione. Mume wangu alikuwa amevaa barakoa ya kupulizia, gari lote limeshapigwa praima, la kijivu kuanzia pua mpaka nyuma. Zuri, Mungu anisamehe, lilikuwa zuri. Nikazunguka upande wa kulia. Hakuna bonde.

"Imekauka lini hiyo puti?"

Akavua barakoa. Macho yake hayakuja kwangu. "Sikupaka puti."

"Unasemaje?"

"Ilijaa yenyewe. Kila siku kidogo. Nikasema... nikasema labda ile ya mwanzo ilibaki, inavimba. Mama Kibonge, imekaa sawa kuliko mkono wowote. Nikapuliza praima juu."

Nikaweka kiganja pale.

Ilikuwa na joto. Ikabonyea chini ya vidole vyangu, ikarudi, kama shavu. Juu ya praima kulikuwa na malaika, vile vinywele vya mgongoni mwa mtoto mchanga, vimegandamana na rangi ya kijivu. Nikainama. Nikanusa. Ilinuka mwanangu. Ile harufu ya shingoni, kwenye mkunjo, ambako maziwa huchuruzika yakachacha, harufu ambayo ningeitambua gizani kati ya watoto mia. Na maziwa yalikuwa yangu.

Mume wangu hakuniamini, au hakutaka. Alisema nimechoka. Akachukua karatasi ya msasa, ile laini kabisa, akasema anionyeshe kwamba ni puti tu. Akapitisha mara moja.

Ndani ya nyumba Kibonge alipiga ukelele.

Mume wangu akasimama. Akapitisha tena, polepole. Ukelele tena. Wifi akatoka mbio na mtoto mkononi, amemgeuza, "Kaka, hebu ona, kaumwa na nini huyu?" Mgongoni palikuwa na mchubuko mpana kama karatasi ya msasa, unatoka majimaji. Na ngozi pembeni yake ilikuwa ya kijivu. Nililowesha pindo la kanga kwa mate nikamfuta. Kijivu kikahamia kwenye kanga. Chini yake kikabaki kijivu kingine.

Msasa ukamdondoka mume wangu mkononi. Vumbi lake lililoanguka sakafuni lilikuwa limelowa, jekundu kidogo, na inzi walishatua.

Wakati huo huo, kama mtu aliyeitwa, Mzee Leso akaingia. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kulia, akapapasa fenda, akafumba macho. Alipofumbua alikuwa anatabasamu kwa huzuni.

"Ulichimba," akamwambia mume wangu.

"Mzee..."

"Nilikwambia. Lile bonde halikai wazi, kijana. Mimi nililijaza kwa mwanangu, miaka ishirini na mbili sasa. Halichagui." Alijifuta vidole. Leso ile, nilipoiona karibu, ilikuwa na madoa ya njano. "Kesho mchana naja kulichukua, nilipeleke kwa mtu wa rangi. Likishapigwa rangi halifunguki tena. Hamtasikia kitu. Na huyu," akamwonyesha Kibonge kwa kidevu, "hatateseka sana. Kesho kutwa hivi atakuwa amekwisha."

Wifi akamfunika Kibonge kwa kanga yake, kichwa na yote.

Usiku ule hatukulala, lakini sina la kusimulia, tulikaa tu tumemzunguka mtoto. Asubuhi alikuwa mwepesi kama nguo zake. Hakulia tena, alikuwa akifungua mdomo na kuufumba. Nikamchukua, nikaenda naye bandani, sikuwa na wazo lolote, nilitaka tu kulitazama hilo gari usoni. Nilipomsogeza karibu na fenda, ile nyama ikainuka.

Haki ya Mungu. Iliinuka chini ya praima, ikajikusanya, ikatoa ncha, kama mdomo unaotafuta titi. Na Kibonge, ambaye shingo yake ilikuwa haishiki tena, akageuza kichwa akaifuata.

Nikamwita mume wangu kwa kunong'ona. "Inamtaka."

"Mtoe hapo!"

"Wewe sikiliza. Ni yake. Inataka kurudi. Wewe unanyoosha vipi bati? Si unagonga nyuma, na mbele kuna cha kupokea?"

Akanielewa kabla sijamaliza. Nilimwona uso ukikauka. "Siwezi kumgonga mwanangu."

"Utagonga bati. Mimi nitampokea."

Aliingia kwenye buti la gari, nyuma, akang'oa kila kitu, akalala ubavu na nyundo ya mpira. Mimi nikapiga magoti nje, nikamvua mtoto nguo, nikamweka mgongo kwenye ile nyama. Ikamshika. Ilitoa sauti kama unapong'oa mguu kwenye tope, ila kinyume chake. Wifi alinishika mabega kwa nyuma, ananong'ona, "Wifi usimwachie, wifi usimwachie."

Tako. Nyundo ikalia hivyo, pigo la kwanza. Kitu cha uvuguvugu kikanipita vidoleni, kinateleza kama ute wa yai. Tako. Mtoto akakohoa. Tako. Ute ule ulikuwa unaingia. Nilihisi mgongo wake ukijaa viganjani mwangu, mfupa mmoja mmoja ukipotea chini ya nyama. Harufu ilikuwa nzito mpaka naimeza. Tako. Mkunjo wa paja. Tako. Mkunjo wa pili. Kibonge akalia, kilio chake kile cha zamani, cha hasira, na mimi nikalia naye nikicheka.

"Basi! Inatosha! Amerudi!"

Tako.

"Baba Kibonge, basi!"

"Bado kidogo," akasema kutoka ndani. "Bado lina bonde."

Tako. Tako. Nilimvuta mtoto, hakubanduka. Kilichokuwa kinatoka sasa hakikuwa uvuguvugu. Kilikuwa baridi. Kilikuwa na chengachenga ndani yake, na nywele kama zile tulizochoma kwenye debe, zilinipita kati ya vidole. Tako. Wifi alikimbilia kwenye buti akamshika mkono, ndipo akaacha. Alitoka jasho linamtiririka, akapapasa fenda kwa kiganja, amefumba macho, kama alivyozoea.

"Imenyooka," akasema. "Safi kabisa."

Ilikuwa bati tupu, linang'aa, halina hata alama. Ugonjwa wake ule. Hawezi kuacha kazi mpaka iwe sawa.

Mzee Leso alikuja mchana kama alivyosema. Aligusa fenda, akahisi ubaridi wa bati, na rangi ya uso ikamtoka. "Wangu yuko wapi?" akauliza. Wakati ule hatukumwelewa. Akageuka akamwona Kibonge mikononi kwangu, mnene, ametulia. Kibonge akamnyooshea mikono. Mwanangu huwa analia akiona wageni. Huyu alimnyooshea mikono akacheka, na mzee akarudi nyuma mpaka akajikwaa kwenye lango, akaiacha leso chini, akaondoka kwa miguu. Mpaka leo hajalifuata gari. Liko bandani, limefunikwa turubai, la kijivu, linangoja rangi. Mume wangu halisogelei.

Kliniki walimpima Jumatatu. Nesi alipima mara mbili, akabadilisha mzani, akapima tena. Kilo tisa na nusu. Akanipongeza. Mimi nikapiga hesabu njiani, nikapiga tena. Alikuwa saba na nusu kabla ya yote. Kilo mbili hizo sikuzizaa mimi.

Kuna jambo wifi hajui, wala mume wangu. Juzi Kibonge alipiga miayo nikimtazama. Mbele ni ufizi mtupu, wa waridi, wa mtoto wa miezi saba. Lakini nyuma kabisa, kulia, kuna gego. Moja. Kubwa, la manjano, limelika juu kama la mtu aliyetafuna miaka mingi, na katikati lina tundu jeusi. Niliingiza kidole. Kilitoka kinanuka ile chupa. Na nikimnyonyesha nalisikia, linanigusa polepole, haliniumi, linanipapasa tu.

Namnyonyesha. Nifanyeje? Nusu yake ni mwanangu. Zaidi ya nusu.

Nyinyi nimewaambia kwa sababu hamjui mlango wangu ulipo. Mwingine simwambii. Simwambii mume wangu, simwambii nesi, wala yeye mwenyewe simwambii, siku atakapojua kusema akaniuliza mama yake ni nani.